Barua zenu: Kaka alisema episodi ya kwanza ni ile ya macho ya fedha

SWALI

Shangazi asalaam aleikum, pole na kazi. Mimi ni mama wa watoto 3, nakaa Kisauni, gazeti hili nalisoma kitambo ila kuandika ndio mara yangu ya kwanza, kwa hivyo nikienda mbio nisamehe.

Nlipokuwa shule ya msingi kaka yangu mkubwa alikuwa akikodi kaseti za video kwa jamaa mmoja Mwembe Tayari. Vijana wenzake walikuwa wataka karate na za Kihindi, yeye ni Star Trek tu, ile sirizi ya Kimarekani ya chombo cha angani, ile ya zamani kabisa ya Kapteni Kirk na Spock wa masikio ya ncha. Deki ilikuwa ya jirani, kwa hivyo Ijumaa baada ya isha twabeba mkeka wetu twenda kwa jirani, mama atutilia viazi karai kwenye bakuli tusiende mikono mitupu. Kizungu changu kilikuwa hakijakaa sawa, kaka ndiye akinitafsiria, aninong'oneza sikioni sentensi moja moja mpaka mwisho. Kaka amefariki huu mwaka wa 11, Mungu amrehemu.

Sasa likizo hii nkapata ile sirizi yote kwenye fleshi nkamwambia binti yangu wa miaka 14 njoo nikuonyeshe kitu alichokipenda mjomba wako. Tukaanza mwanzo, episodi ya kwanza, yaitwa The Man Trap. Shangazi yalinifika. Kwanza mimi nakumbuka kaka akisema episodi ya kwanza ni ya yule mtu aliyegeuka macho yakawa ya fedha, na hii si hio, hii ni ya mwanamke na chumvi. Pili lile zimwi lilipotokea mwishoni binti yangu alicheka mpaka akateremka kwenye kochi, asema mama hilo ni zulia limetiwa meno. Tatu, na hili ndilo lililoniuma, mimi mwenyewe niliiona yaenda polepole nikawa natizama saa. Nlijihisi kama nimemkosea marehemu. Halafu kuna pahala mtu mmoja amsemesha Uhura, yule afisa mweusi wa kike wa chomboni, Kiswahili, binti akaniuliza mama asemaje, nikarudisha nyuma mara 3 sikushika kitu.

Naomba uniambie, ni mimi nliyekumbuka vibaya? Yule mtu asemaje? Na je niendelee, au niyaache yale mapenzi yakae vile yalivyokuwa?

Mama wa Kisauni

JIBU

Waaleikum salaam mwanangu, wala jambo lako si dogo. Barua nimeisoma mara mbili, na usiku wake nikaketi nikaiangalia tena ile episodi yote, dakika zake 50, manake sikutaka nikujibu kwa kukumbuka tu nami pia nina miaka mingi sijaiona.

Naanza na kaka yako. Hakukosea, na wewe hukukumbuka vibaya. Mambo yalikuwa hivi. Gene Roddenberry aliyeibuni hio sirizi alipeleka kwanza episodi ya majaribio kwa stesheni ya NBC kule Marekani, ikiitwa The Cage, na kapteni wake hakuwa Kirk, alikuwa Pike, aliigizwa na Jeffrey Hunter. NBC wakaikataa, wakaona yamtaka mtazamaji afikiri sana. Lakini wakampa nafasi ya pili, jambo ambalo watu wa tivii hawana kawaida nalo, na hapo ndipo 1965 ikatengenezwa Where No Man Has Gone Before, na hio ndiyo ya kaka yako, ya macho ya fedha. Yule mtu aitwa Gary Mitchell, ni rafiki wa Kirk wa tangu ujanani, chombo kinafika ukingoni mwa galaksi kinapigwa na nguvu ambayo hawaijui, macho yake yageuka, na kila saa nguvu zake zazidi na utu wapungua mpaka Kirk hana budi apigane na rafiki yake mwenyewe amuue. Hio ndiyo mara ya kwanza Kirk kukaa kile kiti cha kapteni. McCoy, daktari wa chombo, hayuko, Uhura hayuko. Hata lile kaburi ambalo Mitchell amtengezea Kirk limeandikwa James R. Kirk na sote twajua Kirk ni James T., yani mambo yalikuwa bado hayajakaa, hata jina.

Ilipofika siku ya kurusha hewani, Alhamisi tarehe 8 Septemba 1966, NBC hawakuanza na hio. Walitaka yenye sayari ngeni na zimwi ili mtu akifungua tivii asibanduke, wakachagua The Man Trap ijapokuwa kwa kutengenezwa zilikuwako kadhaa zilizoitangulia. Ya macho ya fedha ikaja kurushwa wiki 2 baadaye, tarehe 22. (Wakanada waliwahi kuliko Wamarekani, wao The Man Trap waliiona tarehe 6.) Kwa hivyo ukimuuliza aliyekuwa studio, ya kwanza ya Kirk ni ile aliyoisema kaka yako, ukimuuliza aliyekuwa ameketi mbele ya tivii nyumbani kwake ni ya chumvi, na kwenye fleshi yako zimepangwa kwa tarehe za kurushwa. Mwambie binti yako hivyo hivyo. Zama zile hakukuwa na intaneti, mtu kukaa Mombasa na kujua ipi iliyotengenezwa kabla ya ipi ilikuwa ni lazima aitafute habari, asome, aulize, kwa hivyo kaka yako hakuwa mtazamaji tu, alikuwa mtu wa kufuatilia.

Sasa tuje kwenye ile uliyoiona.

Kirk, Daktari McCoy na kijana mmoja wa chomboni aitwa Darnell washuka sayari M-113 kumpima afya mchimbuaji wa mambo ya kale, Crater, na mkewe Nancy. Nancy alikuwa mpenzi wa McCoy zamani. Pale nje Kirk ainama ang'oa majani makavu ampa McCoy kama maua, amwambia mtu akienda kwa mpenzi wake wa zamani atarajiwa na kitu mkononi. Nliposoma habari ya bakuli la viazi karai nikakikumbuka kipande hicho. Kisha Nancy aingia. McCoy amuona vile vile alivyomuacha, kijana, hata siku moja haikumpita. Kirk amuona mama wa makamo nywele zishaingia mvi. Darnell amuona msichana mwengine kabisa, wa nywele za dhahabu, aliyewahi kumuona sayari nyengine. Watu 3, chumba kimoja, mwanamke amesimama pale pale. Hakuna moshi, hakuna radi, kamera yamuangalia anayeangalia kisha yarudi kwa Nancy na Nancy ashakuwa mwengine. Mimi hapo nlisimamisha nikarudia, kwa sababu ni kitu kidogo sana kutengeneza na sijui ni nani leo angekiwacha kidogo namna hio.

Zimwi sawa, binti acheke. Lilitengenezwa na Wah Chang, na ndani yake alikuwa mchezaji dansi Sandra Gimpel, na ukitizama vidole utaona vina vikombe vya kunyonya kama vya pweza, kwa hivyo akisema zulia mwambie zulia la pwezani. Lakini mwambie pia arudishe nyuma dakika moja kabla. McCoy ameshika bunduki, Kirk ashashikwa, zimwi lageuka tena kuwa Nancy lamwita kwa jina lake, Leonard, lamuomba. Yule daktari amuomba Mungu amsamehe, kisha afyatua. Mtazame uso DeForest Kelley, anayemuigiza McCoy, wakati ule, hakuna zulia hapo.

Na sisi wa Mombasa hadithi hii twaijua kabla ya tivii. Nani hajaambiwa ya mwanamke mzuri usiku barabarani, amejitanda buibui, anukia udi, jamaa amfuata amfuata halafu atizama chini aona kwato? Kila nyumba ina mjomba aliyemuona. Tofauti ni kwamba hadithi yetu haimuulizi yule wa kwato ana njaa gani. Huyu wa M-113 ana njaa ya chumvi, viumbe wenzake wote wamekwisha, amebaki peke yake, na chumvi iliyobaki mahala anapoweza kufika ni ile iliyo ndani ya miili ya watu. Crater alijua. Mkewe alikuwa ashauawa na zimwi hilo hilo kitambo, naye akakaa nalo, akilipa chumvi yake, nalo likikaa na sura ya Nancy. Nlipokuwa kijana nlimuona Crater mwendawazimu. Mume wangu alipofariki nlikaa miezi sikuiondoa kofia yake pale mlangoni kwenye msumari, na safari hii nlipomuona Crater aitetea ile sura nikanyamaza kimya, sikuwa na la kumwambia.

Mwishoni kabisa Kirk ameketi kwenye kiti, Spock amuuliza vipi, asema alikuwa afikiria nyati wa Marekani, wale waliokuwa mamilioni wakamalizwa kwa bunduki wakakaribia kwisha. Binti yako wa miaka 14 huenda nyati wa Marekani hawamhusu. Mwambie juu ya Sudan, yule dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini, aliyekufa Ol Pejeta kule Laikipia Machi 2018, wakabaki majike wawili duniani nzima, Najin na bintiye Fatu. Mimi ndio nliowafikiria pale Kirk alipotaja nyati, na kwa hakika episodi ile haitaki ufurahie zimwi kufa.

Halafu hili la polepole. Mwanangu mimi sioni kuwa umemkosea mtu. Fikiria tena ule mkeka. Wewe ulikuwa huielewi lugha, kaka yako alikuwa akisikiliza kwanza, kisha akunong'oneza, na wakati akunong'oneza waigizaji wamenyamaza watazamana, au mlango wafunguka, au chombo chapita angani kwa taratibu. Ule ukimya wote ulikuwa wake, ndio uliokuwa ukimpa nafasi ya kusema. Leo umeiangalia wewe wasikia Kizungu chote mwenyewe, ukimya umebaki mtupu, basi lazima saa iende polepole. Episodi ni ile ile. Ilikuwa na sauti ya pili ambayo kaseti haikuirikodi.

Kwa hivyo mimi ningekuwa wewe singeiangalia kimya. Pale paliponyamaza sema, hapa mjomba wako alisema hivi, hapa alinibana mkono, hapa alinicheka kwa kuwa nliogopa. Usimlazimishe binti aipende. Yeye ni kama Kirk pale mlangoni, ameona mvi kwa kuwa mvi ziko, wewe wamuona Nancy wa zamani kwa kuwa wewe ulikuwako zamani. Na kuna kitu kimoja cha kumuonyesha ambacho watoto hukipenda: vile vidude vya kung'ara ambavyo McCoy huvishika akiwatibu watu, yasimuliwa kwamba vilikuwa vichupa vya kutilia chumvi. Mtu wa vifaa alivinunua kwa ajili ya episodi hii hii ya chumvi, wakaona ni vya kisasa mno mtazamaji hatajua kuwa ni vya chumvi, wakampa daktari, wakaweka mezani vya kawaida. Tangu hapo kila mgonjwa wa Enterprise, chombo chao, akatibiwa kwa kichupa cha munyu.

Sasa Uhura. Hapa nna mengi.

Zimwi likishapanda chomboni lamkuta Uhura ukumbini yu peke yake, lageuka kijana mweusi mtanashati, lamwambia kwamba Uhura ndiye aliyekuwa akimfikiria mtu kama huyo kijana, kisha lamsemesha Kiswahili. Uliniuliza asemaje. Nimelirudisha mara 6, nimetia na vidude vya masikioni, na nakwambia kosa si la masikio yako. Ni Kiswahili cha kukariri, maneno yamekatwa pasipo pake na matamshi yamekwenda kombo, walioyasema hawakuwa watu wa lugha hii na wala hapakuwa na mtu wa Mvita pale studio wa kuwaambia sivyo. Binti akikuuliza mwambie amtongoza, hio ndiyo maana yake, yatosha.

Lakini usiishie kwenye matamshi. Lile zimwi lachukua umbo kutoka moyoni mwa mtu, kila mmoja lampa kile akikosacho. McCoy lilimpa ujana. Darnell lilimpa msichana. Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo kizima, anayesikiliza lugha za sayari zote siku kutwa, lilipochungulia moyoni mwake kuona mwanamke huyu akosa nini, likatoka na mtu wa kumsemesha lugha ya kwao. Mimi nimeishi miaka 4 Ulaya nikifanya kazi ya kulea wazee, na siku moja kwenye basi nikasikia mtu nyuma yangu akisema kwenye simu "haya basi tutaonana", nikalia mpaka nikapitiliza kituo. Kwa hivyo pale sicheki. Aliyeandika mchezo ule, George Clayton Johnson, najua alikuwa akitafuta namna ya kumnasa Uhura tu, lakini amegusa pale pale.

Na jina lenyewe. Nichelle Nichols, aliyemuigiza, amesimulia mara nyingi kwamba siku ya kujaribiwa alikwenda na kitabu mkononi, riwaya ya Robert Ruark kuhusu Kenya, yaitwa Uhuru. Wakazungumza, neno likampendeza Roddenberry, wakaligeuza mwisho likawa Uhura ili lisikike la kike. Sisi kwa lugha yetu hatuna habari ya kugeuza mwisho kuwa wa kike, lakini hesabu wewe mwenyewe: bendera yetu ilipanda Desemba 1963, na Septemba 1966 neno hilo likaingia majumbani Marekani, limevaliwa na mwanamke mweusi aliyeketi kwenye chumba cha kuongozea chombo ana cheo chake, hapiki hafagii. Alitaka kuiwacha kazi baada ya msimu wa kwanza, Martin Luther King akakutana naye akamwambia asiondoke, akabaki. Baadaye kuanzia 1977 akafanya kazi na NASA, shirika la anga la Marekani, ya kuwahimiza wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, 1992, alisema wazi kuwa alimtizama Uhura utotoni. Nichols alifariki Julai 2022, ana miaka 89. Na kama binti yako bado ataka Kiswahili, kuna episodi ya msimu wa pili, The Changeling ya 1967, Uhura afutwa kumbukumbu zote na mashine, afunzwa kusoma Kizungu upya kama mtoto, na akishindwa na neno hasira zamtoka kwa Kiswahili. Ile sinema ya 2009 nayo ikampa jina la kwanza, Nyota. Nyota Uhura. Sema jina hilo kwa sauti mbele ya binti yako umtizame uso.

Endelea mwanangu. Ya pili kwenye orodha yako ruka, nenda moja kwa moja kwa ya macho ya fedha. Na viazi karai usisahau.

SWALI

Shangazi mambo, mimi ni kijana wa Likoni niko chuo. Marafiki wananiambia nianze Star Trek ya zamani lakini episodi ya kwanza niiruke ati haina maana, na bando saa hizi ni pesa. Ziko 79 nimehesabu. Nianze wapi?

JIBU

Nakusalimu kijana. 79 ni sawa, misimu 3, 1966 hadi 1969. Uzuri wa tamthilia za zama zile ni kuwa kila episodi imejifunga yenyewe, hakuna cha "itaendelea" isipokuwa mara moja tu, ile ya sehemu 2 ya Novemba 1966 ambapo walizitumia zile picha za The Cage iliyokataliwa wasizitupe bure. Kwa hivyo hupotei ukiruka. Ila waliokwambia The Man Trap haina maana nimeshamjibu mama wa Kisauni hapo juu, soma kisha uamue. Kama bando lako ni la episodi 3 tu, mimi ningechukua ya macho ya fedha, hio ya chumvi, na The City on the Edge of Forever ya Aprili 1967, Kirk arudi nyuma mpaka miaka ya thelathini ampenda mwanamke ambaye lazima afe ili historia isiharibike. Hio iangalie usiku ukiwa peke yako, si kwenye feri.

SWALI

Bi Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Malindi. Mjukuu wangu abisha nami kwamba ile setilaiti ya Uhuru iliyorushwa huku kwetu Ngomeni ilipewa jina la mwanamke wa kwenye Star Trek. Mimi namwambia la. Tusuluhishe.

JIBU

Marahaba mwalimu, ingawa huenda mimi ndiye wa kukuamkia. Umeshinda wewe. Setilaiti ile ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco la Wataliano, lile lililo baharini Ngomeni, kwa roketi ya aina ya Scout, na siku ile ilikuwa Jamhuri Dei, miaka 7 kamili tangu uhuru. Marjorie Townsend wa NASA aliyesimamia mradi ndiye aliyependekeza jina, kwa heshima ya siku na ya wenyeji. Mjukuu asivunjike moyo, hakukosa sana, wawili wale wamechota kisima kimoja, mmoja kwa kupitia kitabu mmoja kwa kupitia kalenda.

Na mwambie setilaiti ile haikuwa ya mchezo. Ilikuwa ya kwanza kabisa duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kutafuta eksirei zitokazo kwenye nyota, manake eksirei hizo hewa yetu yazizuia, ukikaa chini huzioni. Ilifanya kazi mpaka 1973, ikaorodhesha vyanzo 339, na vipimo vyake vya chanzo kimoja kiitwacho Cygnus X-1 vikasaidia watu kuanza kuamini kwamba pale pana shimo jeusi. Riccardo Giacconi aliyeiongoza kazi hio akaja kupata Nobel ya fizikia 2002. Kwa nini Ngomeni? Kwa sababu ni karibu na mstari wa Ikweta, dunia yenyewe yaisukuma roketi ikielekea mashariki, na mashariki ni bahari tupu, vipande vikianguka havimwangukii mtu.

Nikuongezee moja mwalimu, kwa kuwa wiki hii nzima nimekaa na habari ya chumvi. Ami yangu alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi Gongoni, hapo hapo jirani na Ngomeni. Wewe wayajua: maji ya bahari yaingizwa kwenye viwanja, jua layakausha, lita moja yakuachia kama gramu 35, kwa hivyo kazi ni ya kukwangua mchana kutwa macho yakiuma kwa weupe. Machi 1988 iliporushwa roketi ya mwisho pale San Marco alikuwa zamu. Atuambia walisikia ngurumo, wakaweka mapauro chini wote, wakaitizama ikipanda mpaka ikawa kama sindano, ikapotea, kisha nyapara akapiga filimbi wakarudi kwenye chumvi. Mwezi ule alipokuja Mombasa alituletea mfuko wa kilo 2 wa munyu wa mawe. Mama aliusaga kwenye kinu, na mimi nlikuwa nimeiona The Man Trap kwa mara ya kwanza mwaka huo huo, nikachukua chembe moja nikaiweka juu ya kiganja nikaitizama muda mrefu kabla sijaila.